Mahindi Yaliyokwama Gunia Nane kwa Ekari: Mwongozo Kamili wa Kuyanyanyua katika Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Mbozi hadi Mufindi malalamiko ni yale yale: mbolea imewekwa, mbegu ya dukani imenunuliwa, mvua imenyesha, na bado ekari inatoa gunia nane kama ilivyotoa miaka kumi iliyopita. Mkulima wa namna hii mara nyingi ana bidii na ana sehemu kubwa ya pembejeo. Tatizo lake ni mpangilio. Anamwaga mbolea katika udongo wenye tindikali ambao mizizi inashindwa kuupenya, au anapanda mbegu bora katika mashimo yaliyoachana mno, na mwaka unaofuata anaongeza ekari nyingine badala ya kutengeneza ile ya kwanza.

Mwongozo huu unafuata kanuni moja: kinachozuia zaidi hurekebishwa kwanza, na kazi yote hufanyika katika ekari moja tu mwaka wa kwanza. Umeandikwa kwa ajili ya mahindi ya mvua katika maeneo ya mwinuko wa wastani na wa juu, kama vile Mbozi, Ileje, Mbeya Vijijini, Kilolo, Mufindi na Njombe. Mkulima wa Ismani au wa bonde la Usangu, ambako mvua ni chache zaidi, atafaidika na hatua nyingi zilizomo humu, lakini achague mbegu inayokomaa mapema na asiige tarehe za kupanda zilizotajwa hapa.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Andaa vitu hivi mapema, kwa sababu wengi hukwama katikati ya msimu wakitafuta kimoja kilichosahaulika:

- futi kamba, na kamba ya manila ndefu iliyofungwa alama kila sentimita 60;
- fimbo mbili zilizokatwa sentimita 75 kamili;
- koleo au jembe safi, na ndoo ya plastiki ambayo haijawahi kubeba mbolea;
- vizibo vya soda, na mzani mdogo (wa dukani wa kuazima unatosha);
- mbegu ya mahindi kilo 10;
- mfuko mmoja wa DAP (mbolea ya kupandia) na mfuko mmoja wa urea (mbolea ya kukuzia), kila mmoja kilo 50;
- samadi iliyoiva, kadiri itakavyopatikana;
- chokaa ya kilimo, ambayo kiasi chake kitajulikana baada ya udongo kupimwa;
- turubai, chupa ya kioo yenye kizibo, chumvi ya jikoni na mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa;
- daftari na kalamu.

Daftari limewekwa mwisho, lakini ndilo ambalo wengi hawana, na bila hilo hatua ya mwisho ya mwongozo huu haiwezekani.

## Hatua ya 1: Pima ekari yenyewe

Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047, yaani kipande cha mita 70 kwa mita 58. Vijijini ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70, na hapo ndipo hesabu inapoanza kupotea. Mtu mwenye hatua ya mita nzima hupata eneo la mita za mraba 4,900, ambalo ni zaidi ya ekari moja na sehemu ya tano. Mwenye hatua ya sentimita 80 hupata karibu robo tatu ya ekari tu. Mfuko ule ule wa mbolea ukimwagwa katika "ekari" hizi mbili, moja italishwa nusu shibe na nyingine itazidishiwa, kisha majirani wawili watabishana juu ya mbolea wakati tofauti imetoka miguuni.

Tumia futi kamba, piga vigingi vya kudumu kwenye pembe nne, na chagua sehemu inayofanana na shamba lako kwa jumla. Usichague kiunga kilicho karibu na zizi, kwa kuwa pale rutuba ni ya ng'ombe na matokeo yatakudanganya.

## Hatua ya 2: Chimba uone mizizi, kisha chukua udongo

Kabla ya kulipia maabara, ng'oa mashina matano au sita ya mahindi yaliyobaki shambani, au ya jirani kama yako yamekwisha, ukichimba kuzunguka shina ili mizizi isikatike. Mizizi mizima huwa myembamba, mingi, na hushuka chini. Ukikuta mizizi mifupi, minene, yenye ncha butu kama iliyotafunwa, shuku tindikali, kwani katika udongo wenye pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali huzidi) iliyo chini ya 5.5 alumini huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Ukikuta mizizi imeshuka sentimita 15 na kisha ikapinda na kutambaa kando, tatizo ni tabaka gumu lililotengenezwa na jembe la mkono au la ng'ombe linalolima kina kile kile kila mwaka. Matatizo haya mawili yanaweza kukaa pamoja, na hakuna kati yake linalotibiwa na mfuko wa pili wa urea.

Sasa chukua sampuli. Tembea shambani kwa mwendo wa kupindapinda na uchimbe mahali 15 hadi 20, kila mahali kina cha sentimita 20, ukikata kipande chembamba cha udongo kuanzia juu hadi chini. Epuka vichuguu, njia, mahali palipochomwa mabua na mahali palipowahi kurundikwa samadi. Changanya vipande vyote ndani ya ndoo, toa mawe na mizizi, gawanya mpaka ubaki na nusu kilo hadi kilo moja, kisha anika kivulini juu ya karatasi safi. Jua kali au moto hubadilisha baadhi ya vipimo.

Kwa mkulima wa Mbeya na Songwe, kituo cha Uyole cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ndicho mahali pa karibu pa kuulizia. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro nacho kina maabara ya udongo. Baadhi ya halmashauri zina vifaa vidogo vya kupimia vinavyotembea na maafisa ugani, kwa hiyo anzia ofisi ya kata. Omba upimiwe angalau pH, fosforasi na mboji, na uombe ushauri wa kiasi cha chokaa kwa ekari, kwa sababu namba ya pH peke yake haisemi ni mifuko mingapi inahitajika: udongo wa mfinyanzi hudai chokaa nyingi kuliko wa kichanga hata pH zikilingana.

Fanya kazi hii kati ya Juni na Agosti, mara baada ya kuvuna. Anayepeleka udongo Novemba hupata majibu akiwa ameshapanda.

## Hatua ya 3: Weka chokaa, ikiwa kipimo kimedai

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo inayoeleza kwa nini maeneo mengi yenye mvua nzuri ya Njombe, Mufindi na Ileje hayaongezi mavuno. Mvua nyingi huosha kalisi na magnesi kutoka juu, na mbolea za DAP, urea na hasa SA (salfeti ya amonia) zinapotumika miaka mingi bila chokaa huongeza tindikali. Mkulima aliyefuata ushauri wa mbolea kwa uaminifu kwa miaka ishirini anaweza, kwa uaminifu huo huo, kuwa ameuchosha udongo wake.

Chokaa inayofaa ni ile ya kilimo, yaani jiwe la chokaa au dolomiti iliyosagwa laini. Jiwe la chokaa huchimbwa Songwe, karibu na Mbeya, hivyo gharama kubwa kwa mkulima wa ukanda huu huwa ni usafiri. Wakulima kumi wakichangia lori moja, gharama hiyo hushuka kiasi cha kubebeka; mtu mmoja akikodi gari kwa mifuko kumi na miwili, hatarudia tena.

Kiasi kinachoshauriwa huwa ni mamia ya kilo kwa ekari na wakati mwingine hufikia tani nzima. Tuseme maabara imekupa kilo 600. Gawa ekari katika vipande 12 vinavyolingana, weka mfuko mmoja wa kilo 50 katika kila kipande, na usambaze nusu ukitembea upande mmoja na nusu nyingine ukikatiza. Kisha lima mara moja ili ichanganyike na udongo mpaka sentimita 15 au 20. Chokaa haitembei yenyewe kwenda chini: ikiachwa juu, inatibu vidole viwili vya udongo na mizizi inabaki katika tatizo lile lile.

Wakati unaofaa ni miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, na kama unaweza kulima baada ya kuvuna udongo ukiwa bado na unyevu, fanya hivyo, kwa sababu katika udongo mkavu chokaa hulala tu. Usitarajie nguvu yake yote msimu wa kwanza. Huonekana zaidi mwaka wa pili na wa tatu.

Maonyo manne. Usiweke chokaa siku moja na urea, DAP au samadi mbichi, kwa kuwa naitrojeni hugeuka hewa na kupotea. Usitumie chokaa ya kupakia nyumba, ambayo ni kali, huunguza ngozi na macho na inaweza kuua miche. Usizidishe kipimo ukitumaini kumaliza kazi mara moja, maana pH ikipanda kupita 6.5 zinki huanza kuadimika na majani machanga hutoka na michirizi myeupe. Na funika pua na mdomo kwa kitambaa, ufanye kazi hiyo asubuhi kabla ya upepo.

Asiyeweza kununua kiasi chote anaweza kuweka sehemu yake kwenye mstari wa kupandia tu, akiichanganya na udongo wiki kadhaa kabla, na kurudia kila mwaka katika mstari ule ule. Njia nyingine, kwa asiyepata chokaa kabisa, ni kupandia kwa mbolea ya fosfeti ya Minjingu badala ya DAP: jiwe hilo linatoka Manyara, lina kalisi, haliongezi tindikali, na huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye tindikali. Ukishaweka chokaa ya kutosha faida hiyo hupungua, kwa hiyo rudi kwenye DAP.

## Hatua ya 4: Zuia moto, vunja tabaka gumu

Septemba, nyanda zote hizi hufunikwa na moshi wa mabua. Kila tani ya punje za mahindi inayotoka shambani huondoka na takriban kilo 15 za naitrojeni, lakini potasi nyingi hubaki kwenye mabua, na kwenye mabua hayo ndiko mboji ya mwaka kesho inakotoka. Lundika mabua katika mistari inayokinga mteremko. Kama ng'ombe wa kijiji huachiwa mashamba baada ya mavuno, zungumza na serikali ya kijiji mapema juu ya ekari yako, kwa sababu uzio wa miiba hautazuia kundi lenye njaa.

Penye tabaka gumu, chimba mistari ya kupandia kwa sururu au jembe la kutifulia mpaka sentimita 25, ukiacha nafasi kati ya mistari bila kuguswa. Penye mteremko, mistari ikinge maji, isielekee bondeni. Wamatengo wa Mbinga wametunza milima mikali kwa vishimo vya ngoro kwa vizazi vingi. Huhitaji kuchimba ngoro, lakini matuta yanayoshuka na mteremko ni kuupeleka udongo mtoni kwa mikono yako mwenyewe.

Samadi iwe imeiva: nyeusi, isiyo na joto wala harufu kali. Ikiwa ni kidogo, iweke kwenye mashimo, kiganja kimoja au viwili kwa shimo. Alizeti pori inayoota kando ya barabara ni mbolea nzuri ya majani. Ikate kabla haijatoa mbegu na uifukie.

## Hatua ya 5: Nunua mbegu na mbolea kabla ya foleni

Mbegu ichaguliwe kwa mwinuko wa shamba. Aina za TARI Uyole kama UH615 na UH6303, na ile ya zamani ya H614, ni za nyanda za juu na huchukua muda mrefu kukomaa; ukizipeleka maeneo ya chini yenye mvua fupi zitakauka zikiwa zinabeba. Kwa mwenye shamba la juu, kosa la kawaida ni kinyume chake: kupanda mbegu ya muda mfupi kwa sababu duka la Mwanjelwa, mjini Mbeya, lilikuwa na hiyo tu siku hiyo, na kupoteza miezi miwili ya mvua nzuri.

Kagua lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu, ukwangue namba ya siri na kuihakiki kwa simu ukiwa bado dukani. Dai risiti. Ukifika nyumbani, hesabu punje 100, zifungie kwenye gunia lenye unyevu, na baada ya siku saba uhesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 90, rudisha mfuko ukiwa na gunia hilo mkononi kama ushahidi.

Usirudie kupanda punje ulizovuna kutoka kwenye mbegu chotara. Watoto wa chotara hawalingani, na mavuno hushuka hata kama punje inaonekana nene.

Mbolea ya ruzuku ya mpango ulioanza msimu wa 2022/2023 hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa na mwenye namba yake. Hakiki taarifa zako katika ofisi ya kijiji au mtaa wakati wa kiangazi, hasa ukubwa wa shamba, kwa sababu ndio unaoamua mifuko utakayoruhusiwa. Nunua kwa wakala anayetambuliwa na TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea, na upime mfuko kwenye mzani. Mshono ulioshonwa mara mbili ni sababu ya kutosha ya kuukataa.

## Hatua ya 6: Panda kwa kamba, mapema, kwa idadi kamili

Idadi ya mashina ndiyo dari ya mavuno. Nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, hutoa karibu mashimo 9,000 na mashina 18,000 kwa ekari. Shamba lililopandwa kwa macho, mita moja kwa mita moja, lina mashimo yasiyozidi 4,050. Hata kila shimo likibeba mashina mawili mazuri, mkulima huyo anaanza msimu akiwa amekosa zaidi ya nusu ya hindi lake, na hakuna mbolea inayoweza kujaza mahali ambapo hapana shina.

Subiri mpaka udongo umelowa angalau sentimita 15 kwenda chini. Mvua ya kwanza ya Novemba mara nyingi hudanganya. Mvua zikishashika, panda ndani ya wiki mbili za kwanza: Mbeya na Songwe kwa kawaida ni kuanzia katikati ya Novemba, Iringa huelekea Desemba. Kila wiki ya kuchelewa hupunguza mavuno, kwa kuwa naitrojeni inayozalishwa na mvua za mwanzo huoshwa bila mmea wa kuitumia, na wadudu na magonjwa ya majani hukuta mahindi yakiwa machanga.

Utaratibu ni huu. Nyosha kamba, chimba shimo la sentimita 10 kwenye kila alama, weka samadi kama ipo, kisha kizibo kimoja cha soda cha DAP. Fukia kwa udongo wa sentimita tano, weka mbegu mbili zilizoachana kidogo, na fukia tena kwa sentimita nne au tano. Watu watatu hufanya kazi hii vizuri: mmoja anachimba, wa pili anaweka mbolea na udongo, wa tatu anapanda.

Kwa nini shimoni na si kutawanya? Udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe na Uporoto, na udongo mwekundu wenye tindikali wa Mbozi, huikamata fosforasi na kuifunga. Mbolea iliyowekwa mahali pamoja karibu na mzizi hukutana na udongo mchache, hivyo kiasi kikubwa zaidi kinaufikia mmea. Kwa nini udongo katikati? DAP ikigusa mbegu huichoma, na mkulima hulaumu mbegu.

Vizibo havilingani na mikono hailingani. Jaza vizibo 100 vya DAP, bila kilele, uvimwage kwenye mzani: vikitoa gramu 500 hadi 550, mashimo 9,000 yatatumia kati ya kilo 45 na 50, yaani mfuko mmoja. Mfuko ukiisha ukiwa bado katikati ya shamba, simama urekebishe mkono kabla ya kuendelea.

Baada ya siku kumi, pita ukihesabu. Katika mashimo 50 yaliyofuatana unatakiwa kukuta miche isiyopungua 90. Penye pengo rudishia mbegu siku hiyo hiyo. Mche uliorudishiwa wiki ya tatu utafunikwa na wenzake na hautabeba.

Kuhusu kuchanganya maharage humo humo: ni desturi nzuri, lakini katika ekari hii ya kwanza uyaache nje, ili usijue tu kwamba umevuna zaidi, bali ujue ni nini kilichosababisha.

## Hatua ya 7: Palilia kwanza, kuzia baadaye

Palizi ya kwanza ifanyike wiki ya pili au ya tatu, ya pili karibu wiki ya sita. Mahindi machanga hayawezi kushindana. Magugu yakiachwa mwezi wa kwanza, hasara yake hairudi hata ukipalilia mara tatu baadaye. Mbolea ya kukuzia isiwekwe kamwe kabla ya palizi, maana majani ya magugu huwahi kuila.

Gawa mfuko wa urea mara mbili. Nusu ya kwanza mahindi yakiwa na majani sita hadi nane, nusu ya pili kabla mbelewele hazijachomoza. Kila mara weka nusu kizibo hivi kwa shimo, umbali wa sentimita 10 kutoka kwenye shina, ufukie. Urea iliyoachwa juu ya udongo wenye unyevu huondoka na hewa. Usiweke siku ambayo wingu zito limekwisha kujikusanya. Kama tindikali ni kali na hukuweka chokaa, tumia CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, lakini kumbuka ina naitrojeni pungufu, hivyo utahitaji karibu mifuko miwili mahali pa mmoja wa urea.

Kwa nini mfuko mmoja na mmoja? DAP ya kilo 50 ina kilo 9 za naitrojeni na urea ina 23, jumla 32. Tani mbili za punje, yaani gunia 20 za kilo 100, huondoka na takriban 30. Hesabu hiyo haina akiba, ndiyo maana samadi na mabua si mapambo.

Soma majani kila unapopita. Majani ya chini yenye umanjano unaoanzia nchani na kushuka katikati ya jani kama umbo la V yanadai naitrojeni. Zambarau kwenye miche ni upungufu wa fosforasi, ingawa siku za baridi huweza kuileta kwa muda na ikapotea yenyewe. Kingo za majani ya chini zinazoungua ni potasi.

## Hatua ya 8: Chunguza kiini mara mbili kwa wiki

Viwavijeshi vamizi vimekuwa nchini tangu 2017 na havitaondoka. Anza kuchunguza wiki ya pili baada ya kuota. Simama mahali patano, mahindi 20 kila mahali, na uangalie kiini. Kiwavi mchanga huacha madirisha meupe kwenye jani. Aliyekua huacha matundu na kinyesi kama vumbi la mbao. Mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia ndiye huyo.

Ponda mafungu ya mayai kwa vidole. Katika ekari moja inawezekana kutia udongo laini au majivu kwenye kiini na kupunguza idadi sana. Mahindi 20 au zaidi kati ya 100 yakiwa na uharibifu mpya, nyunyiza dawa iliyosajiliwa, kwa mfano yenye kiambata cha emamectin benzoate, jioni, bomba likielekezwa kiini. Kiwavi akishajifungia ndani ya kinyesi chake, au akishaingia kwenye hindi, dawa ni fedha iliyomwagwa.

## Hatua ya 9: Vuna, kausha, funga

Hindi limekomaa unapobandua punje na kukuta doa jeusi kwenye kitako chake. Usilianike chini, udongo hupandisha ukungu unaoleta sumukuvu. Anika kwenye turubai, na jua likizama kunja turubai na mahindi yake.

Kipimo cha nyumbani ni chumvi. Tia punje kwenye chupa kavu mpaka robo, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu bado ni zaidi ya asilimia 15. Isiponata, usishangilie bado: NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, hivyo ongeza siku mbili za jua kali kabla ya kuyapeleka au kuyafunga.

Kwa hifadhi, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huua dumuzi na fukusi bila dawa, ilimradi kila tabaka limefungwa peke yake na mfuko usifunguliwe miezi miwili ya mwanzo. Panga mifuko juu ya vichanja, mbali na ukuta, na ufukuze panya, kwa kuwa tundu moja linaharibu kazi yote.

## Hatua ya 10: Pima matokeo, kisha uuze kwa kilo

Kabla ya kuvuna kwa jumla, pima kipande cha mita 5 kwa mita 5 mahali panne pa ekari hii, na vipande vinne sawa katika shamba lako la kawaida. Vuna kila kipande peke yake, pukuchua, kausha, pima, utafute wastani na uzidishe kwa 162. Kilo 11 kwa kipande ni kilo 1,782 kwa ekari, yaani karibu gunia 18. Kwa mwaka wa kwanza, kutoka gunia nane kufikia kati ya 14 na 18 ni matokeo mazuri, hasa kama chokaa iliwekwa msimu huo huo.

Andika gharama zote za ekari hii: mbegu, mbolea, chokaa pamoja na usafiri, vibarua, dawa, mifuko. Gawa jumla kwa bei ya kilo moja siku ya kuuza, nawe utapata kilo zilizolipia kazi. Gharama ya chokaa igawe kwa miaka mitatu, usiubebeshe msimu mmoja mzigo wote.

Katika kuuza, kataa lumbesa. Gunia lililoshonewa kilemba hubeba zaidi ya kilo 100 zinazoruhusiwa kisheria, na kwa gunia 18 mnunuzi anaweza kuondoka na mbili au tatu bila malipo, yaani sehemu nzuri ya ongezeko ulilolihangaikia tangu Juni. Uza kwa mzani, kupitia AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) au kikundi chenye mzani wake. Bei kwa kawaida huwa chini kabisa Julai na Agosti, wakati kila mtu ana deni. Kama huwezi kuzuia mzigo wote, uza gunia za kulipa deni tu na ufunge zilizobaki.

## Mwaka wa pili

Ekari iliyotengenezwa ipande maharage, kwa mfano Njano Uyole, au soya, kisha mahindi yarudi mwaka unaofuata. Jamii ya mikunde huacha naitrojeni na kukatiza magonjwa ya majani kama madoa ya kijivu, ambayo huishi kwenye mabua ya mahindi. Wakati huo huo hamishia hatua zote kwenye ekari ya pili, kwa fedha ya gunia zilizozidi. Asiye na ziada, au ambaye vipande vyake vya mita 5 havikuonyesha tofauti, asipanue; arudi Hatua ya 2, achimbe tena mizizi, na alinganishe daftari lake na la jirani aliyefanikiwa, akianza na tarehe ya kupanda na idadi ya mashina.

Udongo wa ekari ya kwanza upimwe tena baada ya msimu wa tatu, kwa utaratibu ule ule na mwezi ule ule, ili kujua kama chokaa inahitaji kuongezwa.